Mikono Yangu na Mkono wa Maribel

Uzi mmoja wa raketi ukikatika, usiuache hivyo ukaenda kunywa chai. Chukua mkasi, anza katikati, kata zote, moja ya wima, moja ya kukingama, ukielekea nje. Ukiacha zile zingine, zinavuta upande mmoja, na fremu inapinda polepole bila kukuambia. Nimeona raketi nzuri ikigeuka umbo la embe kwa sababu mwenyewe alisema atazikata kesho.

Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo mnalonisumbua nalo sana, nyinyi vijana wa tenisi mnaokuja kwangu Lanet na kusimama kwa geti na raketi chini ya kwapa. "Mathe, uko? Kochi ametutuma." Mnajua vizuri nimestaafu. Viungo vya vidole vimefura, asubuhi hata kifuniko cha chupa kinanishinda. Lakini mnakuja, na mimi nafungua geti, na mwisho wa maneno najikuta nimeshika raketi yenu naigongagonga kwa ukucha nikisikiliza. Basi nimeona niandike, msome mkiwa kwenu, mniache nimwagilie sukuma wiki zangu.

Jina langu ni Beatrice Nafula. Nilifunga nyuzi za raketi hapa Nakuru kwa miaka zaidi ya thelathini. Ninaishukuru sana kazi hii, na nitawaambia kwa nini, lakini lazima nipitie mahali pabaya kwanza.

Sikuingia kazini kwa kupenda tenisi. Baba yangu aliletwa Nakuru na reli kutoka upande wa Bungoma, na katika nyumba za reli tulipokulia, mchezo ulikuwa mpira wa matambara. Tenisi tuliisikia tu ng'ambo ya ua wa klabu: po, po, po, halafu mtu anasema samahani. Nilipomaliza shule nilipata kazi kwa Mzee Hirji, aliyekuwa na duka la vifaa vya michezo nyuma ya soko. Kazi yangu ilikuwa kufagia na kusimama kaunta. Yeye alikaa nyuma na mashine yake ya kufunga nyuzi, mashine ya chuma yenye mkono mrefu na uzito unaoshuka. Uzito ukishuka, uzi unavutika. Ukiusogeza uzito mbele, unavuta zaidi. Ukiurudisha nyuma, unavuta kidogo. Hakuna umeme, hakuna kioo cha namba. Ni wewe na macho yako.

Shida ni kwamba macho ya Mzee Hirji yalikuwa yanaingia ukungu. Siku moja aliniita, kwa Kiswahili chake cha Kihindi.

"Beatrice, wewe najua kusuka nywele?"

"Ndiyo, Mzee."

"Basi wacha fagio. Kuja hapa."

Mwezi mzima alinipa raketi moja tu, kuukuu ya mbao. Naifunga asubuhi, jioni namletea. Anapitisha vidole juu yake kama mtu anayesoma, kisha anachukua mkasi na kukata zote. Siku ya kwanza nililia. Siku ya kumi nilimtukana moyoni. Baada ya wiki tatu alipitisha vidole, akagonga kwa ukucha, akainamisha sikio. "Hii naimba," alisema. Halafu akazikata.

Aliponiruhusu kufunga raketi ya mteja, ya daktari mmoja wa meno, niliruka pahali pamoja: uzi uliotakiwa kupita juu ulipita chini. Kama hujui, huoni. Nilikuja kugundua daktari ameshaichukua raketi. Nikamwambia Mzee Hirji, tena kwa sauti ya chini, kwamba labda tungengoja nyuzi zikatike zenyewe uwanjani, ndiyo tuirudie vizuri.

"Yeye hajui," nikasema.

"Lakini wewe najua," akasema. Akasukuma simu ya mezani hadi mbele yangu.

Daktari alicheka kwenye simu, akaileta kesho yake. Aliendelea kuwa mteja wangu mpaka alipohamia kwa watoto wake. Somo hilo lilikuwa jepesi, mtaona, kwa sababu lilikuwa kosa la mkono. Kosa la mkono ni rahisi kulitaja. Nililofanya baadaye, nikiwa fundi mzima mwenye jina, halikuwa la mkono.

Mzee Hirji alipofariki, watoto wake walifunga duka. Mashine waliniachia mimi, kwa maagizo yake. Nilikuwa nimeolewa na Barasa, mwanajeshi, ambaye sasa ni mstaafu na bado haongei kabla ya chai. Tulikuwa tumetoka chumba cha kupanga Kaptembwo tukajenga hapa Lanet. Niliweka mashine sebuleni, mahali ambapo watu wengine huweka televisheni. Barasa alisema mara moja tu, "Hii nayo inashika chaneli gani?" Baadaye akazoea.

Sasa, kulikuwa na mashindano ya wanawake, ya wale wanaocheza kwa kulipwa lakini ngazi ya chini kabisa, ambako mtu anajifulia soksi kwenye sinki. Yalikuja kwenye klabu yetu wiki mbili mfululizo. Waandaaji walileta fundi wa nyuzi kutoka Nairobi na mashine mpya ya umeme, nzuri, inawaka taa za kijani. Mimi nilikuwa nimekuja kuuza taulo na soksi tu. Siku ya pili stima ikapotea. Jenereta ya klabu ikakohoa, ikanyamaza. Raketi zikarundikana mezani, na wachezaji wakaanza kuongea kwa lugha zao, na hasira haihitaji mkalimani.

Nilimwambia msimamizi, "Mimi niko na mashine ya mkono nyumbani."

Aliniangalia kuanzia viatuni. "Mama, hawa ni wachezaji wa kulipwa."

"Na mimi hulipwa," nikasema.

Mashine ilifika kwa mkokoteni, imefunikwa shuka. Tukaiweka kwenye veranda. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa mwanamke mrefu, ngozi ya rangi ya udongo, nywele nyeusi zimefungwa ovyo, na raketi tatu amezikumbatia mkono wa kushoto. Aliitazama mashine ya Mzee Hirji akatabasamu. Kwa Kiingereza chake cha kuokotaokota, ambacho kilikuwa ndugu wa changu, alisema, "Nilipokuwa mdogo, nyumbani kulikuwa na moja kama hii. Hamsini na nne, tafadhali." Alimaanisha ratili za mkazo wa uzi.

Huyo ndiye Maribel. Alitoka Meksiko, mji wa milimani, juu kuliko hata Nakuru. Ndiyo maana hewa yetu nyepesi haikumsumbua, wakati wenzake waliotoka pwani za kwao walikuwa wanashika magoti baada ya pointi mbili. Alikuwa na miaka thelathini na tatu. Alianza kucheza akiwa na sita, nyuma ya nyumba, ukutani. Akiwa kijana alipanda haraka, akafika kwenye viwanja vile vikubwa ambavyo mnaviona kwa televisheni, watu wamekaa kama mbegu za alizeti. Kisha kiwiko cha kulia kikaharibika. Akapasuliwa mara moja, akarudi, kikaharibika tena, akapasuliwa mara ya pili. Nilipokutana naye alikuwa anapanda ngazi upya kutoka chini, peke yake, bila kochi.

Mahali alipofikia palikuwa na shida ya maji, na klabu ilikuwa inaomba watu wawapokee wachezaji nyumbani. Binti yetu alikuwa ameshaolewa, chumba chake kiko. Nikasema huyu aje kwetu.

Siku hizo za kwanza zilikuwa za kicheko. Alipokula ugali alisema kwao mahindi ni yaleyale, ila wao huyaloweka na chokaa, wanayasaga, wanayatandaza kama chapati. Akaomba unga wetu atuonyeshe. Akatandaza, ukapasuka. Akatandaza tena, ukapasuka vipande vinne. Barasa akaangalia sahani, akasema, "Hii ni ugali imeanguka." Nilipomtafsiria Maribel alicheka mpaka akashika kiti.

Kijana wa bodaboda aliyempeleka klabu kila asubuhi alimfundisha Kiswahili. Sikujua ni kile cha vijiweni, Sheng, mpaka siku mwenyekiti wa klabu, mzee wa suti na kofia, alipopita verandani na Maribel akamwinulia mkono: "Niaje boss! Form ni gani?" Mwenyekiti akasimama. Akatafuta maneno. Mwishowe akasema kwa heshima zote, "Form... form iko sawa, asante."

Lakini asubuhi hakukuwa na kicheko. Siku ya kwanza kuamkia kwetu alikuja jikoni ameshika kitana. Mkono wa kulia haukupanda kufika kisogoni mpaka upashwe joto kwa saa nzima. "Mama, unaweza?" Nikamkalisha kwenye kigoda nikamsuka mistari miwili, ya kubana, isipeperuke. Tangu hapo ikawa kila asubuhi. Nilimsuka nikimwona anavyoinua kikombe kwa kushoto, anavyogeuza kitasa cha mlango kwa kushoto. Mtu ukimsuka nywele unamjua, hata kama lugha hamuelewani.

Alishinda mechi ya kwanza, ya pili, ya tatu, akafika nusu fainali. Mimi ndiye niliyefunga raketi zake zote. Kila jioni alizigonga, akasikiliza, akasema, "Sawasawa." Sikumbuki sifa nyingine katika maisha yangu iliyonipendeza hivyo.

Hapa lazima niwaeleze kidogo ili muelewe nilichofanya. Uzi ukikazwa sana, raketi inakuwa na adabu: mpira unaenda ulikotumwa. Uzi ukilegea kidogo, raketi inarusha mpira kama trampolini, mbali zaidi. Huku kwetu juu, hewa ni nyepesi, mpira tayari unaruka wenyewe; kwa hiyo wachezaji hukaza zaidi wasije wakapiga nje. Ila kuna bei yake. Uzi uliokazwa unarudisha kishindo chote kwenye mkono. Kiwiko kibovu kinakula kila pigo.

Asubuhi ya nusu fainali nyuzi zake alizokuja nazo zilikuwa zimeisha. Mimi nilikuwa na boksi la nyuzi za kampuni nyingine, ngumu vilevile. Akasema, "Hizo zitafaa. Hamsini na nne, kama kawaida." Nikamsuka. Nilipovuta msuko wa pili machozi yalimtoka, na si kwa sababu ya nywele. Alikuwa ameegemeza kiwiko mezani. Akajifuta, akaenda kukimbia barabarani kupasha mwili.

Nikabaki na raketi tatu. Nikafikiria kile kiwiko. Nikajiambia, mimi ni mzazi, nikiona mtoto anaumia siwezi kuongeza chumvi kwenye kidonda. Nikaurudisha ule uzito nyuma kidogo. Nikavuta hamsini. Zote tatu. Halafu nikachukua vibandiko ambavyo fundi huandika mkazo na kuvigandisha ndani ya fremu, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: 54. 54. 54.

Vijana wangu, nimesema kuna kosa la mkono. Hili halikuwa hilo. Mkono ulifanya kazi safi kabisa siku hiyo.

Alipozigonga alikunja uso kidogo, akagusa nyuzi mpya. "Zinalia tofauti," alisema.

"Ni kampuni nyingine," nikamjibu. Ilikuwa kweli, na ilikuwa uongo.

Mechi ilianza saa nne. Mpinzani wake alikuwa msichana mdogo, anakimbia sana, hapigi kwa nguvu. Maribel alikuwa mchezaji bora, kila mtu aliona. Lakini mipira ilitoka. Haikutoka mbali, kiganja kimoja tu nje ya mstari wa nyuma, viganja viwili. Mwamuzi anaita nje, Maribel anatazama alama kwenye murram, ule udongo mwekundu wa uwanja, anatazama nyuzi, anabadilisha raketi. Raketi ya pili vilevile. Ya tatu vilevile. Mwishowe akaacha kutazama nyuzi, akaanza kutazama mkono wake. Anaunyoosha, anaukunja, anautazama kama mtu anayemtazama rafiki aliyemsema vibaya. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mbao, mikono nimeikalia.

Alishindwa seti mbili. Akampa msichana mkono, akatabasamu, akakusanya vitu vyake. Nilimkuta nyuma ya uwanja.

"Nimepiga vizuri, Mama," aliniambia. "Nimesikia kabisa nimepiga vizuri. Na mpira unatoka. Mkono wangu hauniambii ukweli tena. Kuumia naweza kuvumilia. Hili siwezi." Alikuwa ameshika simu. "Nimeongea na mama yangu. Nimemwambia nimemaliza. Wiki ya pili sichezi, nabadilisha tiketi, narudi nyumbani."

Ningesema hapo hapo. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Nikamwambia pole, nikamshikia begi.

Asubuhi nilimwambia Barasa, nyuma kwenye banda la kuku. Nilimwambia yote, hata vile vibandiko. Alikuwa hajanywa chai, lakini aliongea.

"Utamwambia ama nimwambie?"

"Atanichukia. Na msimamizi akijua, klabu sitaingia tena."

"Hiyo umejibu swali lingine," akasema, akaendelea kuwamwagia kuku mahindi.

Maribel alikuwa chumbani anakunja nguo. Nikasimama mlangoni. Nikamwambia, "Mkono wako haukusema uongo. Ni mimi." Kisha nikamweleza polepole, kwa Kiingereza changu chote na mikono, mpaka nilipohakikisha ameelewa.

Aliuliza jambo moja. "Ngapi?"

"Hamsini."

Akaketi kitandani. Akachukua raketi moja, akabandua kile kibandiko kwa ukucha, akakiweka kwenye kiganja akakitazama. Halafu akatoka nje. Alitembea mpaka barabara ya lami akarudi, akaenda tena, nikimwona kwa dirisha, dada mrefu wa misuko miwili ambayo siku hiyo sikuwa nimeigusa, imeanza kufumuka. Aliporudi alisimama jikoni.

"Baba yangu aliamua mkono huu utapiga hivi," alisema. "Kochi akaamua utapiga vile. Daktari wa kwanza akaamua ukatwe hapa, wa pili hapa. Hakuna aliyeniuliza, lakini wote waliniambia. Wewe hukuniambia. Nilisimama pale nje nikiuaga mkono wangu, Mama. Na wewe ulikuwa umekaa pale."

"Ndiyo," nikasema. "Nilikuonea huruma."

"Nionee. Lakini niambie."

Kuku wanapiga kelele nje, Barasa amekaa sebuleni bila kugeuza gazeti. Kisha Maribel akavuta pumzi ndefu, na uso wake ukaanza kubadilika, kama mtu anayefanya hesabu na jibu linatoka zuri.

"Kwa hiyo nilipiga vizuri," alisema.

"Ulipiga vizuri sana. Kwa hamsini na nne ungemmaliza mapema."

Akacheka na kulia kwa pamoja. Akampigia tena mama yake. Sikuelewa hata neno, ila nilisikia sauti ya mama ng'ambo ile ikipanda, naye akimtuliza. Halafu akaja na kiti akakiweka karibu na mashine. "Funga tena. Niko hapa naangalia."

Tulishinda pale siku nzima. Nilimweleza nilichoogopa kuhusu kiwiko. Yeye alinieleza anachohitaji mpira ufanye. Tukajaribu hiki na kile, tukikata na kufunga. Yeye ndiye aliyesema, "Je, tukichanganya?" Nyuzi ngumu za kampuni yake ya kawaida aliomba kwa mchezaji mwenzake, za kutosha kwenda wima. Za kukingama tukaweka zile laini ambazo watu wazima wa klabu walikuwa wananunua kwangu kwa ajili ya viwiko na mabega yao. Mkazo ni uleule wa hamsini na nne, lakini kishindo kinapungua. Mafundi wa miji mikubwa walikuwa wanalijua hilo zamani. Mimi nililijua siku hiyo, nikiwa na mvi, kutoka kwa mteja niliyemkosea.

Jumatatu nilikwenda kwa msimamizi nikamwambia na yeye. Maribel alikuja nami bila kuitwa. Msimamizi alisikiliza, akauliza, "Bado unataka huyu akufungie?" Maribel akasema, "Huyu peke yake." Nikainamisha kichwa. Sijui kama nimewahi kusamehewa hivyo na mtu asiyenizaa.

Wiki ya pili alishinda mashindano. Kombe lilikuwa dogo, Barasa alidhani ni la kuweka yai. Maribel alilifunga kwenye soksi akaliweka ndani ya begi.

Alicheza misimu mingine mitatu. Hakurudi kwenye vile viwanja vikubwa, siwadanganyi. Alipanda kiasi, akashuka kiasi. Lakini alizunguka dunia akicheza mchezo wake kwa mkono wake, na kila alipofika mji mpya alinitumia picha ya nyuzi alizofungiwa, akiuliza, "Mama, hizi vipi?" Na mimi, hapa Lanet, nikakuza picha kwa vidole nikamjibu: fundo la huyo limelegea, mrudishie. Mafundi wengine walinichukia bila kunijua. Nilinunua mashine ya umeme pia, msifikiri mimi ni wa zamani tu. Ni nzuri. Inavuta sawasawa bila kuchoka. Ninachowaambia ni kwamba kioo chake kinaonyesha namba uliyoiweka, na kibandiko bado unaandika wewe.

Kwa mashindano yake ya mwisho alichagua Nakuru. Angeweza kuagia kwao, watu wake wamwone. Alisema kwao angelia sana. Alikuja, akaingia chumba chake, na asubuhi akanipa kitana. Alishinda mechi ya kwanza kwa shida. Ya pili akapangiwa na Sharon, ambaye nyinyi wote mnamjua, na ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na saba, msichana wa Kaptembwo aliyejifunza kwenye uwanja wa shule wenye ufa katikati. Raketi za Sharon nilikuwa nafunga mimi. Za Maribel, mimi. Nilizifunga asubuhi ileile, moja baada ya nyingine, kila moja kama mwenyewe alivyosema, na watu wakaniuliza uwanjani niko upande gani. Niliwaambia nimekaa katikati, si mnaona?

Walicheza zaidi ya saa mbili na nusu. Upepo wa ziwani ulianza, vumbi likapanda, hawakujali. Maribel alishinda seti ya kwanza. Sharon akashinda ya pili. Katika ya tatu Maribel alipiga mpira mmoja kutoka pembeni kabisa, wa chini, mrefu, ukagusa mstari wa nyuma ukatimua murram, na Sharon mwenyewe akasimama akapiga makofi kwenye nyuzi. Kisha Sharon akarudi kazini. Alishinda saba kwa tano.

Kwenye wavu Maribel alimkumbatia, akamwambia kitu sikioni. Nimemuuliza Sharon mara nyingi, hataki kusema. Halafu akapanda kwenye mabenchi, viatu vimejaa vumbi jekundu, akapita watu wote waliosimama kumpigia makofi, akakaa kando yangu. Raketi aliiweka mapajani pangu. Nyuzi zilikuwa bado nzima, bado moto.

"Mama," alisema, kwa Kiswahili, kile chake, "leo mimi nashindwa na mtu. Nashindwa poa. Asante."

Tulirudi Lanet. Sikuwa nimepika kitu cha maana. Alikula maharagwe ya jana, akavua viatu, akajinyoosha kwenye sofa akasema anapumzika dakika tano. Barafu aliyokuwa akifungia kiwiko kila baada ya mechi ilikuwa imeshatolewa, iko kwenye sufuria, lakini usingizi ulimchukua kabla sijamfikia. Alilala kwa upande wa kulia, mkono uleule mbovu umelaliwa, mdomo wazi kama mtoto. Barasa alinyoosha mkono akazima redio katikati ya habari. Nikafunga pazia, nikarudisha barafu kwenye friji, tukaenda tukakaa nje.